Mvua Iliyokwisha Kunyesha

Mkuu wa kituo aliniomba niwaandikie ukurasa mmoja, ninyi mnaobaki na ninyi mnaoanza kazi, kabla sijarudisha funguo. Funguo nilirudisha mwezi uliopita. Ukurasa ndio huu, na kama mnavyoona haukukubali kubaki mmoja. Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, na faili lenyewe ni jembamba, mnaweza kulimaliza mkiwa mmesimama. Nitaandika habari za bilauri, magoti, na neno moja fupi ambalo nilichelewa sana kujifunza kulitamka.

Naitwa Nakundwa. Mjini Same wengi hawalijui jina hilo. Wananiita Mama Mvua, na jina hilo sikujipa. Nilizaliwa juu milimani, kijiji kimoja cha njia ya Myamba, katika ukoo ambao zamani watu walitoka mbali kuupelekea kondoo ili uwaletee mvua. Babu yangu mzaa baba ndiye wa mwisho aliyeifanya kazi hiyo waziwazi. Baba alibatizwa, akawa seremala, akafariki mapema, akaacha mabinti wawili: mimi wa kwanza na mdogo wangu Namsifu. Nilipomaliza kidato cha nne nikasomea uangalizi wa hali ya hewa. Babu hakuhusika kabisa. Nafasi ilitangazwa, nikaomba, nikaitwa. Lakini jaribuni kumweleza hivyo mtu yeyote wa Upare.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Athumani, mwenyeji wa Same mjini, aliyekuwa na saa mbili: moja mkononi, na nyingine mfukoni ya kuisimamia ile ya mkononi.

"Binti, kwenu wapi?"

"Milimani, mzee."

"Ukoo gani?"

Nikamtajia. Akacheka mpaka akavua miwani. "Haya," akasema, "leo serikali imeajiri mwenye mali."

Baada ya hapo hakulitaja tena jambo hilo kwa muda mrefu. Alinizungusha uwanjani. Akanionyesha lile sanduku jeupe lenye miguu, ambamo vipimajoto hukaa kivulini kama wageni wa heshima. Akanionyesha tufe la kioo linalokusanya mwanga wa jua na kuunguza mstari kwenye kipande cha karatasi, ili jioni tujue jua limewaka saa ngapi. "Hili halihitaji karani," akasema. "Jua linajiandikia lenyewe." Mwisho akanipeleka kwenye kipimamvua. Kilikuwa cha shaba, kimeota rangi ya kijani pembeni, na ndani yake kulikuwa na faneli na chupa. Kila siku saa tatu kamili asubuhi unaitoa chupa, unamimina maji kwenye bilauri ya kupimia, unasoma, unaandika. Kazi yenyewe ni hiyo. Mtoto wa darasa la tatu angeiweza, kama angeweza kuifanya kila siku bila kujifurahisha.

Mzee Athumani alikuwa na sheria zake. Bilauri haishikwi mkononi wakati wa kusoma. Inawekwa juu ya kibao cha saruji kilichosawazishwa, nawe unapiga magoti mpaka jicho liwe sawasawa na maji, kisha unasoma pale chini yanapobonyea katikati, si pale yanapopanda ukingoni.

"Kwa nini nisiishike tu, mzee?"

"Mkono wa binadamu una matamanio," alisema. "Mwaka wa ukame utainamisha bilauri upande wa mvua, na wala hutajua."

Kwa hiyo nikapiga magoti. Nimepiga magoti kila asubuhi kwa miaka thelathini na sita, na hospitali wameshaniambia goti la kushoto linanidai. Jambo ambalo Mzee Athumani hakulifikiria ni uzio. Uzio wetu ni wa waya, na kando yake inapita njia ya watu wanaokwenda sokoni. Walichokiona wao ni mjukuu wa mleta mvua, saa ileile kila siku, amepiga magoti mbele ya chombo cha shaba, ameinamisha kichwa, midomo inacheza. Midomo ilikuwa inasoma namba. Haikupita wiki mbili, mji mzima ukajua kwamba serikali imekubali yaishe na imewaita wenyewe.

Ndipo jina la Mama Mvua lilipoanza. Wauza mahindi walinisimamisha. "Mama Mvua, nianike leo au nisianike?" Nilikuwa najibu kweli tupu: "Jana haikunyesha." Wakiipata hiyo hutikisa vichwa, wakaenda kuifasiri. Mwanzoni nilijitahidi kueleza. Niliwaambia utabiri unatoka juu, kwa wataalamu wa makao makuu, sisi hapa tunapima tu. Mtu mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akasema, "Nimekuelewa. Hutaki kusema mbele za watu."

Sasa niwaambie kosa langu, maana wazee wengi wakiandika kumbukumbu hutaja makosa ya wenzao tu.

Mwaka wa pili wa kazi, mwanzoni mwa vuli, Namsifu alishuka sokoni na kikapu cha maparachichi. Alikuwa ameolewa palepale kijijini, na alikuwa na mtoto mgongoni. Alipita kituoni, tukakaa kwenye ngazi, tukala viazi. Akatazama juu, upande wa kilele cha Shengena, ambako mawingu yalikuwa yamejaa tangu alfajiri.

"Dada, nipande?"

Mimi nilikuwa nimetoka kusoma kipimo cha mgandamizo wa hewa na nimekiona kimeshuka. Nilikuwa na sare mpya. Nilikuwa nimeitwa Mama Mvua mwaka mzima, na mtu akiitwa kitu muda mrefu huanza kukigeukia. Nikasema, "Panda."

Ilinyesha siku mbili, mvua safi. Nilipima mwenyewe, nikajisifu kimoyomoyo. Kisha likaja jua, siku baada ya siku, lile tufe la kioo likawa linaunguza karatasi kutoka ukingo hadi ukingo. Mahindi yalichipua yakakauka yakiwa marefu kama kidole. Na si yake tu. Alipofika nyumbani alisema dada amesema tupande, na majirani wa pande zote wakapanda, kwa sababu neno lilikuwa limetoka kwenye ukoo na kwenye serikali kwa mkupuo mmoja.

Nilipanda mlima kwenda kumwomba radhi. Nilimkuta anapalilia shamba lisilo na kitu. Hakunikasirikia, na ingekuwa nafuu kama angenikasirikia. Alisema, "Hukunidanganya, dada. Ulitaka kunifurahisha." Niliporudi nikamweleza Mzee Athumani, nikitarajia karipio. Alinitazama tu, akasema, "Ulisoma bilauri ambayo haijamiminiwa maji," akaendelea kunywa chai yake. Nililia nyuma ya sanduku jeupe, na saa tatu ilipofika nikaenda kusoma chupa iliyokuwa kavu.

Tangu siku hiyo nilijiwekea mpaka: mimi ni wa mvua iliyokwisha kunyesha. Inayokuja si yangu. Kuuweka mpaka huo kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuulinda.

Nisije nikawafanya mdhani kazi yote ilikuwa huzuni. Mara mbili kwa mwaka nilikuwa nazunguka kukagua vipimamvua vya vijijini, vile vinavyosomwa kwa kujitolea kwenye shule na makanisa. Gari lilikuwa linafika linapofika, halafu miguu inachukua zamu. Mkikagua madaftari, msianze na mvua kubwa. Angalieni tarakimu za mwisho. Kuna mwalimu mmoja upande wa Chome ambaye mvua yake yote iliishia na tano au sifuri. Nikamwambia, "Mwalimu, mvua ya huku inapenda sana tano." Akainama. Akakiri kwamba asubuhi kule ni baridi, na kipimamvua kiko mbali na jiko, kwa hiyo alikuwa anakisoma kutoka dirishani. Angalieni pia Jumapili. Mahali ambapo hainyeshi kamwe Jumapili na Jumatatu inanyesha maradufu, msomaji wenu ni mcha Mungu.

Hukohuko Chome nilikuta siku moja kipimo kikubwa katikati ya kiangazi, siku ambayo hata mbuzi walikuwa wanatafuta kivuli. Niliuliza, nikaletewa bibi mmoja mwenye khanga mbili na fimbo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema bila kuulizwa, "Nimekitilia maji mimi. Kimesahau kazi yake, nimekikumbusha." Nilifuta namba ile, nikaandika sababu pembeni. Makao makuu waliniandikia barua kutaka ufafanuzi, nikawapa ileile, neno kwa neno.

Basi tuje kwenye ule mwaka.

Vuli mbili zilikuwa zimepita vibaya, na ya tatu ilikuwa inasubiriwa. Ndiva, lile bwawa la kijiji linalogawa maji ya kumwagilia, lilikuwa limebaki tope na vyura. Watu walikuwa wamebakiza mbegu za kupanda mara moja. Wakizikosea hizo, hakuna nyingine. Utabiri wa msimu ulisema mvua huenda zikachelewa na huenda zikawa chini ya wastani, na nilikwenda kuusoma mimi mwenyewe kijijini, ukaongelewa kidogo ukaachwa. "Huenda" haiingii kwenye shimo la mbegu.

Mzee Athumani alikuwa ameshastaafu na kufariki wakati huo, Mungu amrehemu. Nilikuwa peke yangu na saa yake ya mfukoni, aliyoniachia. Kabla ya vuli, Baba mdogo Kiangi alishuka Same kunitafuta. Yeye ni mdogo wake baba, na ndiye mkuu wa ukoo. Alikuja na koti lake la misiba, nikajua si salamu tu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Jumamosi tunakwenda msituni kwa babu yako. Kondoo mweusi amepatikana. Tunakuhitaji ushike kibuyu cha maji."

Babu, kabla hajafa, alikuwa amesema kibuyu kishikwe na uzao wa mtoto wake wa kwanza. Mtoto wa kwanza alikuwa baba yangu, na uzao wake wa kwanza ni mimi. Nilimwambia Baba mdogo kwamba siamini kwamba maji ya kibuyu huleta maji ya mawinguni. Hakushtuka.

"Hatuhitaji uamini," alisema. "Tunahitaji uonekane. Watu wakikuona wewe wa kipimo umeshika kibuyu, watapanda. Wasipopanda wakati huu tutakufa njaa tukisubiri."

Siku mbili baadaye akaja Mchungaji wetu wa huko juu, kijana, amehamishiwa karibuni, mtu mwema. Alikuwa amesikia habari za kondoo. Aliniomba Jumapili nisimame mbele ya usharika niseme nimeyakana mambo ya ukoo. Nikamwambia, "Mchungaji, sijawahi kuyafanya, nitayakana vipi?"

"Najua, mama. Lakini watu hawajui. Wewe simama tu. Wakikuona umesimama upande wa Bwana, watapata moyo, watapanda kwa imani."

Nilimtengenezea chai, nikakaa nikamtazama anavyoinywa. Watu wawili wasiosalimiana, na ombi lao lilikuwa moja. Wote walitaka uso wangu, wautundike mahali. Na wote, ndiyo iliyokuwa ngumu, walikuwa wanawatakia watu mema. Kama mmoja angekuwa mwovu ningepata usingizi.

Jumamosi nilipanda mlima. Sikwenda msituni wala sikwenda kanisani. Nilikwenda nyumbani kwa Baba mdogo mapema, kabla hawajaondoka, na Mchungaji alikuwa amefika pia kuwazuia. Uwanja ulikuwa umejaa. Makande yalikuwa jikoni, kondoo amefungwa kwenye mti wa mparachichi anakula maganda. Baba mdogo alinipa nafasi, akidhani nimekubali. Mchungaji akanyoosha shingo, naye akidhani hivyohivyo upande wake.

Nilikuwa nimekuja na daftari langu. Nikawasomea mvua za vuli za miaka niliyopima, polepole, mwaka kwa mwaka: ipi ilianza mapema ikaendelea, ipi ilianza mapema ikakatika, ipi ilichelewa. Wengine walikuwa wanakumbuka, walikuwa wanasema "ehee, huo ndio mwaka tuliokula mizizi." Nilipomaliza, mzee mmoja akauliza kile ambacho wote walikuwa wanakingoja.

"Sasa mwaka huu inakuja lini?"

Nikasema, "Sijui."

Kukawa na mguno. Mzee akarudia swali, kama vile hakusikika.

"Sijui, mzee wangu. Babu yangu hakuniachia kujua, na kituo hakinifundishi kujua. Hakuna aliyenificha kitu, na mimi siwafichi. Kibuyu sitashika, kwa sababu mtanitazama mkapanda. Kanisani sitasimama, kwa sababu mtanitazama mkapanda. Mkipanda, pandeni kwa kichwa chenu."

"Umesoma miaka yote hiyo useme hujui?" Hiyo ilikuwa sauti ya mwanamke nyuma, na watu walicheka, kicheko kisicho na furaha. Mchungaji alitazama chini. Baba mdogo alichukua kibuyu, akampa kijana wa binamu yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umeniaibisha uwanjani kwangu." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilikuwa nimemwaibisha.

Namsifu alinifuata mpaka kwenye kijito. "Dada," akasema, "wewe ungepanda?"

Hilo ndilo swali lililonitoa jasho. Nilimwambia, "Mimi ningesubiri. Lakini hiyo ni hofu ya Nakundwa, si ya kituo wala si ya babu. Uipime kama hofu ya dada yako."

Waliokwenda msituni walipanda wiki hiyo. Wa kanisani wengi wao walipanda pia, maana Mchungaji alihubiri vizuri bila mimi. Namsifu akasubiri. Na mvua, wenzangu, ilikuja mapema. Siku ya tisa baada ya Jumamosi ile ilianza, ikanyesha kwa utaratibu wa ajabu, ikaendelea. Sisi huku chini Same tulipata mvua nyingi kuliko yoyote niliyowahi kuipima katika mwezi ule. Nilipiga magoti, nikasoma, nikaandika. Ningeweza kuwaambia nilifurahi kwa ajili ya watu, na nilifurahi kweli. Lakini iliniuma pia. Kuna asubuhi moja niliiweka bilauri kwenye kibao nikatamani, kwa aibu, iwe na maji kidogo kuliko yale. Ndipo nilipomwelewa Mzee Athumani kuhusu mkono.

Waliopanda mapema walijaza maghala. Namsifu alipanda kwa kuchelewa, akapata nusu. Kijijini wakapata msemo: ukimuuliza mtu jambo analopaswa kulijua akasema hajui, wanamwambia, "Usinifanyie Nakundwa." Nasikia bado wanautumia. Baba mdogo aliacha kunipokea. Nilipokwenda misibani nilipewa kiti pamoja na wageni, na mtu wa kwetu anajua maana yake.

Nilikwenda tena kwa Namsifu, safari hii na gunia la mahindi. Alilipokea, akanitilia makande, akanisikiliza nikijilaumu mpaka nikachoka.

"Dada, sikiliza. Mara ya kwanza ulisema unajua, nikapata hasara. Mara hii ulisema hujui, nikajiamulia. Hasara hii ni yangu. Ile ya kwanza sikujua hata niiweke wapi." Kisha akaniongezea makande.

Miaka mingi ikapita ambayo haina cha kusimulia. Nilisoma chupa. Nilifundisha watu kadhaa kupiga magoti, na baadhi yenu mlinung'unika. Halafu ukaja ule mtambo mpya unaojipimia wenyewe na kutuma namba kwa mtandao wa simu, hauna magoti wala ukoo, na sina ugomvi nao. Ni msomaji mzuri. Nilikagua namba zake mwaka mzima nikitafuta tano na sifuri, sikuzipata. Kipimamvua cha shaba kikatolewa uwanjani, kikawekwa stoo pamoja na viti vibovu.

Mwaka jana, miezi michache kabla sijastaafu, Baba mdogo Kiangi alinitumia ujumbe kwamba niende. Nilijua anaumwa. Nilipanda gari mpaka lilipoishia, nikachukua bodaboda, na goti langu likalalamika njia nzima. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha kamba, amefunikwa blanketi, amekonda.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kaa hapa karibu. Sikio hili ndilo linalofanya kazi."

Nikakaa. Aliniuliza habari za watoto, akaniuliza habari za goti. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, "Babu yako alikuwa hajui."

Nilisogeza kiti karibu zaidi na sikio lake.

"Mimi ndiye niliyekuwa nalala nyumbani mwake nikiwa mdogo. Watu wakija na kondoo, anawapokea. Wakiondoka, anakaa mlangoni anatazama juu, halali, hali. Mwaka mmoja akawaambia kabisa: jamani, mimi sijui. Unajua walifanya nini? Walidhani amekasirika. Wakaongeza kondoo."

Alicheka kidogo, akakohoa, nikampa maji.

"Basi akaacha kusema. Alikufa akiwa ameshikilia jambo ambalo hakuwa nalo. Akanirithisha mimi, nami nikalishikilia vivyo hivyo. Siku ile uwanjani wewe ulisema, na hakuna aliyeongeza kondoo. Walikucheka tu, ukaenda zako." Akanitazama. "Nilikasirika kwa sababu nilikuonea wivu, mwanangu."

Nililia mbele yake, mtu mzima na nywele zangu nyeupe. Naye aliniacha nilie, akawa anafukuza kuku.

Niliporudi kituoni nilijaza fomu tatu na kupiga simu nyingi, na mwisho wakakubali kile kipimamvua cha shaba kipelekwe kijijini kiwe kituo cha kujitolea. Tumekisimika uwanjani kwa Baba mdogo, mbali na mparachichi, kama sheria inavyotaka, na kibao cha saruji pembeni, nimekisawazisha mwenyewe. Mimi nimehamia nyumba ya baba, hatua chache kutoka hapo. Kwa hiyo mkiona namba za njia ya Myamba zinafika kila siku, hata Jumapili, na haziishii na tano, mjue ni za nani. Majirani wanaopita wananiona nimepiga magoti, na mkuu wa ukoo amekaa kando yangu kwenye kiti chake, na wanaambizana kwamba hatimaye Nakundwa amerudi kwenye mambo ya kwao. Nimeacha kuwaeleza.

Juzi ilinyesha. Baba mdogo alikuwa ameshatolewa nje nilipofika, saa ya Mzee Athumani ikionyesha saa tatu kasoro dakika moja. Nilingoja hiyo dakika. Nikamimina, nikaweka bilauri kwenye kibao, nikashuka taratibu kwa lile goti.

"Ngapi?" akauliza. Katika ukoo wetu mzima, katika maisha yangu yote, watu walikuwa wameniuliza lini. Hakuna aliyewahi kuniuliza ngapi.

"Milimita mbili nukta nne, baba mdogo."

"Nilivyoisikia kwenye bati nilidhani ni kubwa."

"Ni mbili nukta nne."

Akajifunika blanketi vizuri.

"Basi," akasema, "andika hiyo hiyo."